Chomoa Kabla Haujarudi

Magoti ya Nora yalikuwa yanamuuma Sekela tangu asubuhi.

"Huyu mama kapeleka barua kwa miguu miaka thelathini," alisema, akijishusha kwenye kiti polepole kama mtu anayetua gunia la viazi. "Kila barua imebaki humu. Nazisikia moja moja."

Lutengano akacheka. Alikuwa kachuchumaa nyuma ya raki, lile kabati la chuma lenye mitambo yote ya maabara, anapanga kebo. Kicheko kilichomtoka kilikuwa cha Teodor, chembamba, cha puani. Wiki ya sita hii na bado kilikuwa kinamshtua.

"Wewe cheka tu. Umepewa kijana wa miaka ishirini na nne, unapanda ngazi unaruka. Mimi nimepewa bibi."

"Ana hamsini na tatu, dada. Si bibi."

"Njoo uyavae haya magoti halafu uniambie."

Mambo yalikuwa hivi. Chuo cha Ufundi Lusonjo, kule Tukuyu, na chuo cha jamii cha Dunmarrow, mji mdogo kaskazini mwa Kanada, walikuwa wanabadilishana wanafunzi wa mitandao ya kompyuta. Zamani kwenda kusoma nje kulitaka viza, na viza ilitaka kila kitu ambacho mtoto wa Tukuyu hana. Siku hizi hakuna anayepanda ndege. Unakaa kwenye kiti Lusonjo, mwenzako anakaa kwenye kiti Dunmarrow, laini inafunguliwa, unafumba macho kwenu, unafumbua kwao. Yeye kavaa mwili wako, wewe umevaa wake. Wiki sita, halafu mnarudishiana. Ubalozi hauna cha kukuuliza, maana mwili wako uko kwa mama yako unakula ndizi.

Lutengano aliacha shule kidato cha pili. Hakufukuzwa, alichoka tu. Akatengeneza simu stendi ya Tukuyu miaka minne, mpaka Lusonjo walipotangaza nafasi kwa watu wenye mikono badala ya vyeti. Kiingereza ndo kilimkimbiza shule. Sasa kilikuwa kinamtoka kama maji, kwa sababu mdomo ulikuwa wa Teodor na mdomo ulikuwa unajua njia. Kule nyumbani Teodor naye, walisema, alikuwa anaongea Kiswahili cha stendi kabisa.

Kila mtu na mwenzake walikuwa na vikasha viwili vyeusi, kimoja huku, kimoja kule, kila kimoja saizi ya kipande cha sabuni. Ndani kulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa unabadilika kila sekunde, pande zote mbili kwa pamoja. Huo ndo ulikuwa unajua nani ni nani. Mwenye laini hai alikuwa anausikia, mvumo mdogo nyuma ya sikio, kama friji ya jirani. Raki waliitunza wanafunzi wenyewe, ndo mazoezi yao. Shika kebo, badilisha swichi, fanya unachotaka. Kikasha usiguse. Hiyo ilikuwa kanuni ya nne, na mwalimu wao, Greer, aliirudia kila Jumatatu kama anasoma matangazo ya kanisani.

Jumanne hiyo mvua ya barafu ilikuwa siku ya pili. Miti nje ilikuwa kama imevishwa vioo. Madirisha ya Dunmarrow hayafunguki, yamejengwa hivyo, na barabara ya kutoka mjini ilikuwa imefungwa tangu jana yake. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Maabara ilibaki na hao wawili tu, Sekela kaangalia nje, Lutengano kichwa kiko ndani ya raki.

Umeme ukakatika.

Wiki sita zote umeme wa Dunmarrow haukuwahi kukatika hata mara moja. Na hata ukikatika, raki ina betri ya akiba inayovilisha vikasha kupitia plagi zao, havijui lolote. Lutengano alikuwa anayajua hayo, kayafanyia mtihani. Mkono wake haukuwa umefanya mtihani.

Kwao umeme ukikatika hakuna anayetafuta tochi kwanza. Mama anapiga kelele moja, chomoa, na kila mtu ana chake. Mama ana runinga. Lutengano ana friji. Friji ya kwanza iliungua yeye akiwa na miaka tisa, umeme uliporudi na hasira, na tangu siku ile friji ya pili aliachiwa yeye kama mwingine anavyoachiwa ng'ombe. Unachomoa, halafu unahesabu. Ukirudi kabla ya kumi, huo ndo unaounguza. Ukipita kumi, usiusubiri, kaendelee na mambo yako.

Mkono ukachomoa plagi iliyokuwa karibu. Moja. Mbili. Ukaenda kwenye plagi ya pili, na hapo ndo kichwa kikafika. Aliyokuwa ameshaichomoa ilikuwa ya kikasha. Ilikuwa na kibandiko, kaandika kwa mwandiko wake mwenyewe: Sekela na Nora.

Akaganda. Sita. Saba. Alikuwa anahesabu bila kutaka. Tisa, na umeme ukarudi. Kitu kikalia pah kwenye safu ya chini, taa zikawaka kali halafu zikatulia, na harufu ya plastiki iliyoungua ikamjaa puani. Akairudisha plagi kwenye tundu lake haraka, kama mtoto anayerudisha kijiko kwenye kopo la sukari.

"Lute," Sekela akasema. Alikuwa kashika nyuma ya sikio. "Huku kumenyamaza."

*

Greer alikuja na tochi mdomoni, akalala chali chini ya raki kama fundi gari. Alikuwa mzee mfupi, mpole, mtu wa sweta moja. Akatoa vikasha vitatu vya safu ya chini, akavipanga mezani. Viwili vilikuwa vya akiba, havina mtu, na vilikuwa vimevimba kwa joto. Cha tatu kilikuwa cha Sekela. Kwa nje kizima. Taa nyekundu.

"Kinga ya safu hii imekufa," Greer alisema. "Umeme uliporudi ulipita moja kwa moja."

Lutengano alikuwa anaijua kinga. Nyumbani wanaiita friji gadi.

"Sasa?" Sekela akauliza.

"Kikasha cha Tukuyu kimepoteza mwenzake. Kimesimama palepale kilipompotezea, na kitasubiri saa sabini na mbili. Ijumaa saa nane mchana kitajifuta chenyewe." Greer aliongea kwa kuangalia meza. "Hiki cha kwako kingekuwa nje ya umeme dakika ile, ufunguo wake ungekuwa umesimama vilevile. Tungeviwasha pamoja, vingeanzia vilipoachana, ungekwenda kwenu. Lakini kilikuwa kwenye umeme. Vyote vilikuwa kwenye umeme."

"Si ujaribu."

"Siwezi."

"Kifungue basi uangalie."

"Ukikifungua umekiua. Na kilichoungua kwa ndani kinafanana na kizima mpaka umpitishe mtu. Chuo kimoja walijaribu, miaka mitatu iliyopita. Kijana alifika. Anapumua, anakula vizuri. Kila asubuhi anauliza mikono hii ni ya nani."

Sekela akakaa. Alikaa vibaya, goti likalia, na hakulisema.

"Mimi nina miaka ishirini na sita," akasema. "Mtoto wangu, Atu, ana miezi kumi. Nora ndo anamnyonyesha sasa hivi, tulikubaliana hivyo, wiki sita tu. Kwa hiyo unaniambia nimevuka miaka ishirini na saba mchana mmoja. Na Atu ameshapata mama."

Greer akavuta mkono wa sweta.

Lutengano alikuwa kasimama karibu na mlango. Kitu cha kusema kilikuwa kifupi, neno moja tu, nilichomoa. Likafika mdomoni, mdomo wa watu, likagoma.

Maana kanuni ya nne ilikuwa na mkia. Anayegusa kikasha hai, laini yake mwenyewe inasimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi wa mwisho ulichukua miezi kumi na minne. Kurudi kwao wote kulipangwa Ijumaa saa nne asubuhi. Akisema, Sekela anakwenda kwao na yeye anabaki. Akinyamaza, yeye anakwenda kwao na Sekela anabaki. Kamera ya maabara ilizima pamoja na taa. Duniani kote aliyekuwa anaijua hesabu hiyo alikuwa mtu mmoja, kavaa uso wa mwingine.

*

Jumatano barabara ilikuwa bado imefungwa. Lutengano alitembea korido ya bweni kutoka mwisho mpaka mwisho, hatua mia moja na kumi, akageuka, akarudi. Alijaribu dirisha la jikoni kwa kiganja. Alijua halifunguki. Alijaribu tena. Akaenda chooni akajiangalia kwenye kioo, yale macho ya kijivu yakamwangalia kama mpangaji anayeulizwa kodi.

"Unatoka Ijumaa," akaiambia ile sura. "Mimi na wewe basi."

Mchana Sekela alikuwa kantini, kajaza meza makaratasi ya Nora. Alikuwa anasoma boksi la dawa.

"Kumbe ana presha," alisema. "Hakuniandikia kwenye fomu. Mimi nilimwandikia mpaka Atu anavyopenda kubebwa, kichwa bega la kushoto. Yeye presha kasahau." Akanywa supu. "Kaa, mbona umesimama kama askari."

Akakaa.

"Nimeongea naye asubuhi, huyo Nora. Nikamwuliza, likipatikana la kufanya, utarudi? Akanyamaza kidogo, Lute. Kidogo tu. Halafu akasema atarudi, ana mbwa wake." Sekela akageuza boksi la dawa. "Simlaumu. Mimi nikipewa magoti mapya nami ningenyamaza kidogo."

"Dada Sekela."

"Sikiliza. Wewe Ijumaa ukifika, usiende kwenu kwanza. Pitia kwangu. Mchukue Atu, mweke bega la kushoto, umwambie." Maneno yakaishia hapo. Macho ya Nora yalikuwa ya bluu iliyopauka na yalikuwa yamejaa. "Sijui umwambie nini. Mtoto wa miezi kumi utamwambia nini. Mbebe tu dakika kumi. Unasikia, mdogo wangu?"

"Nasikia."

"Na usimpe soda. Najua watu wa stendi nyinyi."

Akacheka mwenyewe. Lutengano akacheka pia, kile kicheko cha puani, akainuka akasema anaenda kuangalia kebo. Hakuna kebo. Aliingia chooni akafungua bomba ili kisisikike kitu.

Alichokuwa anajiambia ni hiki: mkono haukukusudia. Angekuwa kaiba, angekuwa kamsukuma mtu, sawa. Lakini alichomoa kama mtu anavyopiga chafya. Nani anafungwa miezi kumi na minne kwa chafya? Akajiambia mara nne, na mara zote nne iliingia vizuri, na mara zote nne Sekela alikuwa bado kantini anasoma dawa za mtu.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi, ambayo Tukuyu ni saa kumi na mbili jioni, alipiga simu nyumbani. Laini ina ncha mbili. Akisimamishwa yeye huku, Teodor naye kasimamishwa kule, ndani ya mwili wa Lutengano. Angalau mwenye ncha aambiwe.

"Niambie, kaka," ikasema ile sauti. Ilikuwa sauti yake. Aliisikia kama watu wengine wanavyoisikia, nzito kuliko alivyodhani, na ya mtu mwenye haraka.

"Uko peke yako?"

"Mama yuko jikoni. Kuna nini?"

Akamwambia yote. Plagi, kuhesabu, harufu, kanuni ya nne. Teodor hakumkatiza. Nyuma yake kuku walikuwa wanagombania kitu.

"Ijumaa ni kesho," Teodor akasema mwishowe.

"Najua."

"Dada yangu anaolewa tarehe mbili. Baba hawezi kutembea, ndo mimi namsindikiza. Unajua hilo?"

"Sikulijua."

"Sasa umelijua. Kwa hiyo hapana."

"Teo, ana mtoto wa miezi kumi."

"Nimemwona huyo mtoto. Nimembeba. Usinitajie mtoto kama mimi ndo nilichomoa." Sauti ikapanda, na Lutengano akaitambua, alikuwa akiongea hivyohivyo na wateja wakorofi. "Miezi kumi na minne, Lute. Hata ikipungua. Hujaniuliza wakati unachomoa, unaniuliza sasa ili nikusaidie kubeba."

"Mkono ulikuwa wako," Lutengano akasema. Ilitakiwa iwe utani.

Hakuna aliyecheka.

"Usinifanyie hivyo," Teodor akasema, sasa polepole, kwa Kiswahili safi kabisa. "Nakuomba kama ndugu. Nimekaa kwenu, nimekula kwenu. Nakuomba."

Halafu akakata.

Lutengano alibaki na simu mkononi. Alikuwa kapiga akitegemea kupewa ruhusa, na hakuwa na mpango wa kunyimwa. Hapo ndo alipoona amefungiwa kweli. Dirisha lisilofunguka ni dogo. Hata mvua ya barafu ilikuwa ndogo. Kila mlango uliobaki ulikuwa na mtu kalala mbele yake, na ili atoke ilibidi amkanyage mmoja.

Akavaa viatu vya Teodor. Vilikuwa vimeshachukua umbo la miguu miaka mingi kabla yake.

*

Greer alikuwa anafunga kikasha cha Sekela kwenye mfuko wa kurudishia kiwandani.

"Hakikuungua," Lutengano akasema.

Greer akaendelea kufunga.

"Kilikuwa nje ya umeme. Nilikichomoa mimi. Sekunde moja baada ya taa kuzima, labda moja na nusu. Umeme ulirudi ikiwa tisa. Nikarudisha plagi baadaye, baada ya kile kishindo."

Mkono wa Greer ukasimama katikati ya gundi ya mfuko.

"Unajuaje ilikuwa tisa?"

"Nilihesabu. Kwetu umeme ukikatika tunachomoa na tunahesabu. Si kitu unachofikiria. Unajikuta umeshafanya."

"Unachomoa kila kitu?"

"Kila kitu. Kwa sababu unarudi na hasira."

Greer akavuta kiti, akakaa. Akamwuliza tena kutoka mwanzo, alikuwa kashika wapi, mkono gani, plagi ilitoka kirahisi au kwa nguvu. Lutengano akajibu yote. Kisha mzee akakitoa kikasha kwenye mfuko, akakiangalia kama mtu anayeangalia yai alilotaka kulitupa.

"Vingine viwili vya safu hii vimekuwa mkaa," alisema. "Usingekichomoa, na hiki kingekuwa mkaa. Sekela asingekuwa na hata hiki cha kubahatisha. Unaelewa unachoniambia? Umemkata, na umemwokoa, kwa mkono mmoja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anaenda nyumbani kesho." Greer akafungua droo, akatoa karatasi. Hakutabasamu. "Na wewe huendi. Ile kinga niliomba ibadilishwe tangu Agosti. Niliandika mara tatu. Lakini ripoti haina mahali pa kuuliza kuhusu kinga. Ina mahali pa kuuliza nani aligusa."

"Basi andika kinga wewe."

"Nitaandika. Pembeni, kwa mkono. Sijui kama pembeni panasomwa." Akasukuma karatasi mezani. "Ungeweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angejua."

"Najua."

"Bado unaweza. Sijaandika kitu."

Lutengano akamwangalia yule mzee, akaona kuwa hakuwa anamtega. Alikuwa anampa mlango kweli, mlango wa mwisho kwenye jengo zima. Akamfikiria dada wa Teodor, mtu asiyemjua, katikati ya kanisa na mkono hauna wa kuushika. Akafikiria friji, na mama yake kaweka mikono kiunoni.

"Niweke sahihi wapi?"

"Kidole gumba. Hapa."

Akabonyeza. Alama ikatoka safi, mistari yote inaonekana, na yote ilikuwa ya Teodor Lind.

*

Alimwambia Sekela mwenyewe, jioni ileile, kantini, meza ileile. Sekela akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua boksi la dawa la Nora, akaliweka mbele ya Lutengano taratibu.

"Jana ulikaa hapo," akasema. "Ukaniangalia nakunywa supu. Nakutuma kwa mwanangu, na wewe unaitikia nasikia."

"Ndiyo."

"Siku mbili, Lute."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada leo. Kesho sijui. Leo usiniite."

Ijumaa saa nne asubuhi wote walikaa kwenye viti vyao isipokuwa yeye. Greer aliviwasha vikasha kimoja kimoja, cha Sekela mwisho. Taa nyekundu. Nyekundu. Lutengano alikuwa anahesabu tena, hakuweza kujizuia. Ilipofika saba ikawa kijani.

Sekela akageuza kichwa. Alimtafuta mpaka akampata, kule mlangoni.

"Bega la kushoto nitamweka mwenyewe," akasema. "Mama yako nitampitia kumsalimia. Hilo tu ndo naahidi." Akafumba macho.

Yalipofumbuka yalikuwa na mtu mwingine. Nora akaangalia dari, akaangalia mikono yake, akaishusha mpaka magotini na kuyashika. Akatukana, tusi moja refu la watu wa posta, na machozi yakaanza kumtoka. Simu ya Greer ikalia wakati huohuo. Ilikuwa Lusonjo. Sekela ameamka, anajua jina lake, anajua mikono ni ya nani, ameshatoka chuoni anakimbia. Wanamwita asaini, hageuki.

Mmoja mmoja wenyeji wengine nao wakafumbua macho, wakanyoosha viungo, wakakumbatiana, wakatoka kwenda kwao. Mmoja alimpiga Lutengano begani, akamwambia karibu tena, Teo, habari za Afrika. Lutengano akamjibu nzuri.

*

Jumapili asubuhi simu ilipokelewa na mama.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate ndo kula?" Akasikika anakalisha sufuria. "Sekela alikuja. Kaniletea mtoto nimwone, kanieleza. Hakukusema vibaya. Hakukusema vizuri pia. Mwenzako huyu yuko hapa, hataki simu yako."

"Najua. Mwache."

"Nimemwambia aongee na mwenye mwili. Kanijibu mwenye mwili ni yule anayeumwa jino. Lile lako la nyuma limeanza. Nilikwambia uling'oe."

Lutengano akajikuta anapitisha ulimi kwenye meno ya Teodor. Yote yalikuwa mazima.

"Dada yake huyo anaolewa tarehe mbili," mama akasema, akishusha sauti. "Jana kalia humo chumbani kwako. Nilisimama mlangoni, nikasikia analia kwa sauti yako. Nikashindwa niingie au nisiingie."

"Uliingia?"

"Niliingia. Ningefanyaje."

Nje ya dirisha la Dunmarrow barafu ilikuwa inayeyuka kwenye miti, tone, tone, na barabara ilikuwa wazi, magari yanapita. Ingemfikisha mtu yeyote popote. Yeye ingemfikisha na miguu ya Teodor.

"Utarudi lini, Lutengano?"

"Hawajasema."

"Kwa kukisia."

"Wa mwisho walikaa mwaka na zaidi, mama."

Mama yake hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Alikuwa mtu wa kutafuta cha kushika.

"Nimemnyoa jana," akasema. "Alitaka kuzifuga. Nikamwambia hicho kichwa tumeachiwa tu, mwenyewe anakinyoa hivi na hivi. Nimemnyoa unavyonyoa wewe, na ule mstari wa pembeni. Akakaa ametulia. Jino nitampeleka hospitali kesho. Kwa hiyo hilo usiwaze. Ukija utakuta uko vilevile."

"Ndaga, mama," akasema, shukrani ya kwao, na ulimi wa Teodor ukaisema vibaya kwa sababu njia hiyo haukuijua. Akairudia. "Ndaga."

"Usinishukuru. Wewe huko..."

Kitu kikalia tik upande wa pili. Redio iliyokuwa inaimba nyuma ikakatwa katikati ya neno, na jirani mmoja akaguna kwa nguvu.

"Umekatika," mama akasema. Kisha akageuza kichwa mbali na simu, akaita kama alivyoita miaka yote. "We! Chomoa fri..."

"Nshachomoa, mama," ikajibu sauti ya Lutengano kutoka jikoni, ya mtu aliyechoshwa kuambiwa.

Walikuwa wanahesabu, Lutengano alijua, kila mtu kimyakimya mahali alipo. Akabana simu sikioni akaanza na yeye. Moja. Mbili. Akafika tisa, na redio haikurudi. Akafika kumi. Hapo mtu anatakiwa aache, aendelee na mambo yake.

Kumi na moja, akahesabu. Kumi na mbili.